Nafasi ya Sita

Mume wangu alipofariki aliacha madubwana watano tayari na nafasi moja tupu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakisikia kwamba eda yangu niliikaa na gemu mkononi, hucheka, na mie sipendi kuchekwa kabla sijamaliza maneno yangu.

Alikuwa karani wa mizigo bandarini Malindi, mtu mzima mwenye mvi zake. Kila siku akishasali alasiri alikaa kwenye kiti chake ukumbini, miwani puani, akacheza gemu moja la simu ambalo watu hukusanya madubwana, wakawalea, wakawapiganisha na madubwana wa wenzao. Wenzake walikwenda barazani kucheza dhumna. Yeye alikaa nyumbani na kile kidude, na mie jikoni nikisonya.

Alinieleza mara nyingi, nami nikamsikiliza kwa sikio moja. Timu ni sita. Wa moto anamuunguza wa majani, wa majani anamnywa wa maji, wa maji anamzima wa moto. Kwa hivyo huchukui sita wenye nguvu tu ukasema unayo timu, utatolewa ulimi na mtoto wa chuo cha Kurani. Kila mmoja lazima azibe upungufu wa mwenzake. Yupo anayepiga, yupo anayepigwa kwa ajili ya wengine, yupo anayetibu. Alikuwa anaweza kukaa wiki nzima akimfikiria mmoja tu, amfunze pigo gani na aliache lipi, kama mwanamke anayechagua kitambaa cha harusi ya mwanawe.

Majina aliwapa ya jikoni kwangu. Kinu alikuwa wa mawe, mzito, kazi yake kupokea vipigo. Mbuzi alikuwa na meno, nayo ni mbuzi ya kukunia nazi, si mbuzi wa kufugwa. Jiko wa moto. Upawa mwepesi, anayepiga kabla ya wenzake. Kifumbu, jina la kile cha kukamulia tui, wa majani, anayewatoa wenzake sumu. Mara nipo nakaanga, nasikia huko ukumbini, "Lahaula! Kinu kafa!" Mara ya kwanza niliacha samaki motoni nikakimbia kutazama kinu changu.

Na wa sita ndiye huyo hakuwa naye. Kila siku aliniita.

"Bibi we!"

"Naam!"

"Njoo unichagulie wa sita."

"Naja, nnakaanga."

Siendi. Kesho yake tena, "Bibi we!" nami, "Naam!" na siendi. Kuitika nilikuwa hodari. Nikishamaliza kukaanga nnakosha vyombo, nikishakosha nnachambua mchele, na mchele wenyewe ulikuwa safi. Miaka ilikwenda hivyo. Wallahi sikuwa na kazi zote hizo. Niliona ni upuuzi tu, na nilitaka ajue kwamba naona ni upuuzi.

Akafa asubuhi moja bandarini, kifua kilimbana akiwa kasimama, wakamleta nyumbani keshakata roho. Watoto Mungu hakutujaalia. Kwa hivyo walipokwisha kuzika na kusoma hitma, na watu wakarudi kwao mmoja mmoja, nilibaki mie na nyumba.

Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Unavaa nyeupe, hutii wanja, hujifukizi udi, hutoki ila kwa dharura, wala huzungumzi na mwanamme asiye wako mazungumzo yasiyo ya lazima. Siku za mwanzo wanawake walijaa hadi ngazini. Baadaye wakawa wanakuja wawili, kisha wanatuma salamu. Siwalaumu, kila mtu ana nyumba yake. Aliyeendelea kuja ni wifi yangu, dada yake marehemu, kila Ijumaa na kikapu cha chakula, na hata yeye alikaa mguu mmoja ndani mmoja nje.

Nguo za marehemu tuligawa sadaka, kanzu zake, kofia, viatu. Siku hiyo hiyo nilifungua simu yake nitafute picha yake, nikakutana na gemu. Ndani yake mna kama ghala, na humo nikaona viumbe thelathini na kitu wamefungwa, kila mmoja katika kichumba chake, wananitazama. Nilishtuka. Kumfungia kiumbe ukaacha kumlisha ni dhambi, hilo nimefundishwa tangu chuoni, na mwenye kuwalisha keshakufa. Nikatafuta mpaka nikaona pameandikwa Achia Huru. Nikasema Bismillahi, hii ni sadaka ya mume wangu. Nikawaachia mmoja mmoja, na kila mmoja nikimwombea marehemu dua. Lilibaki yai moja tu, maana yai gemu lilikataa kuliachia. Nililala na moyo mweupe siku ile.

Baada ya wiki mbili nikapanga droo yake, nikakuta daftari. Kaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa na babu yake. Ukurasa mmoja mmoja kwa kila dubwana, nguvu yake, udhaifu wake, nani asimame baada ya nani. Kurasa tano zimejaa. Wa sita una maneno mawili, "Achague mwenyewe." Chini yake, kwa kalamu nyengine: "Nshamlelea thelathini na mbili, hakosi atakayempenda."

Nilikaa chini. Wale niliowaachia. Alikuwa ananiwekea mie, kila mmoja kamlea kwa mkono wake siku nije nitazame, nami nimewatoa wote mlangoni kwa alasiri moja na dua juu. Hapo ndipo nililia. Msibani nilikuwa nimelia na watu, hapa nililia peke yangu, na kilio cha peke yako kina sauti nyengine kabisa.

Ndipo nikaamua. Timu itimie, na itimie kabla sijatoka eda, maana wifi alikwisha sema simu ni mirathi, siku ya kutoka eda tutagawana, na simu aliitaka yeye kwa ajili ya binti yake anayesoma. Haki yake, sikubisha.

Na palikuwa na mtu mwengine anangoja. Mume wangu alikuwa na mwenzake wa kupigana naye, mpishi wa hoteli Kiwengwa, hawajawahi kuonana uso kwa uso, wamejuana humo humo ndani ya simu. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikuwa na pambano lao. Mtu huyo hakuwa na habari. Ijumaa ya kwanza aliandika, "Mzee, upo?" Ya pili, "Mbona kimya? Nimekukosea?" Niliyasoma na mkono ukaniwasha kumjibu. Lakini mie kizuka, mjane ambaye eda yake haijesha, na yeye mwanamme nisiyemjua. Nikajiambia, nikishatoka eda ndipo nitamwambia. Na nikiwa mkweli, palikuwa na jambo jengine. Mjini kote walikuwa wakisema marehemu. Yeye peke yake alikuwa bado anasema mzee, na nilipenda kulisoma.

Basi likabaki lile yai. Nikasoma nyuma ya daftari, alikoandika kanuni za gemu, kumbe yai halianguliwi kwa kukaa. Linaanguliwa kwa kutembea, simu yenyewe inahesabu hatua zako, na hili lilitaka hatua elfu arobaini. Jamani! Mwanamke wa eda, asiyevuka kizingiti chake, kapewa yai linalotaka kutembezwa.

Nikaifunga simu kiunoni kwa pindo la kanga nyeupe, nikaanza. Ua wetu mzunguko mmoja ni hatua ishirini na sita. Ngazi ni thelathini na moja mpaka juu. Nikapanda, nikashuka, nikazunguka kisima kilichozibwa zamani, nikapanda tena. Asubuhi nilipita kivulini, adhuhuri nilikaa, jioni nilipita tena. Miguu iliuma. Niliijua nyumba ile kuliko nilivyoijua miaka yote niliyoishi humo, wapi chokaa imebanduka, jiwe gani linacheza. Kiti chake nilikipita mara mia kwa siku na kila nikikipita nilikuwa nataka kuitwa.

Ijumaa moja wifi kaingia bila ya hodi, kanikuta nazunguka.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Nnanyoosha miguu."

"Miguu gani inanyooshwa mbio mbio hivyo? Umetota jasho!"

Kabla sijamjibu, kiunoni kukalia tarumbeta. Yai lilikuwa linapasuka. Muziki, ndani ya nyumba ya eda! Wifi akaweka kikapu chini, akakaa ngazini, akashika kichwa.

"Astaghfirullah! Kaka yangu hajakauka kaburini, weye unacheza gemu?"

Nilikasirika. Nimekaa kimya miezi miwili na nusu, nikaona sasa basi. Nikamwambia, "Ndio, nnacheza! Aliniita miaka, sikwenda. Sasa nnakwenda. Una la kusema?" Nikamtupia daftari mapajani.

Alisoma ukurasa wa sita polepole, kidole chini ya maneno. Kisha akaufunika uso kwa mtandio. Akasema chini yake, kwa sauti ndogo, "Hebu nimwone basi huyo aliyezaliwa."

Alikuwa kidude cha tope, kibaya, macho mawili na mdomo uliopinda. Wifi akacheka katikati ya machozi, akasema, "Masikini, ndiye huyu tu?" Akajitolea kumtembeza yeye, aende naye Darajani na kurudi akue upesi, maana na kukua kwake pia ni kwa kutembea. Nilikataa. Nilimwambia huyu mie nimemzungukia kwa miguu yangu, nitamkuza kwa miguu yangu.

Nikatafuta kwenye kanuni za daftari anafaa nini. Kupiga hajui. Lakini tope halizimiki kwa maji wala haliogopi moto, na alikuwa na jambo moja tu la maana, mwenzake akielemewa, unamwita, naye husimama mahali pake akapigwa yeye. Huyo mpishi wa Kiwengwa alikuwa na dubwana wa maji, mkubwa kama kontena, ndiye aliyekuwa akimuua Jiko kila Ijumaa. Mume wangu alikuwa akihitaji mtu wa namna hiyo hasa, na labda katika wale niliowaachia walikuwamo bora kuliko huyu. Sitajua. Jina nilimwita Naam.

Ijumaa zikapita, Naam akakua, nami nikakonda. Wa Kiwengwa akaacha kuandika, akawa anatuma tu alama ya kuomba pambano, saa ile ile. Sikuikubali, timu bado. Kisha Ijumaa moja haikuja. Ya pili haikuja. Niliogopa kweli. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu, mara ya kwanza kukikalia, nikaitazama simu mpaka kioo kikazimika chenyewe. Nikasema nimemchelewesha na huyu pia.

Siku ya kutoka eda iliangukia Ijumaa. Wifi alikuja asubuhi, nikaoga, akanivisha leso mpya aliyoninunulia, akanifukiza udi, tukala. Baada ya alasiri akasema, kwa upole, "Ile simu, wifi." Nikamwomba anipe nafasi kidogo. Nikaituma mie alama ya pambano, mara ya kwanza maishani mwangu. Tukangoja. Wifi alikuwa anasokota pindo la buibui lake.

Ikaja. Kakubali.

Nikaanza kucheza. Upawa alipiga kwanza, vizuri. Mbuzi akamtoa mmoja wa mpinzani. Kisha wote wawili wakaanguka, Kifumbu akafa, Kinu akapokea mpaka akavunjika. Nilikuwa nikimweka Naam akiba, nasema bado, bado kidogo, asije akaumia bure. Akatoka yule mkubwa wa maji, akampiga Jiko, nikasema sasa, nikamwita Naam. Daftari lilikuwa limeandika wazi, anayesimama badala ya wenzake aitwe mapema. Jiko alikuwa keshakufa. Naam akasimama peke yake, hakubaki mwenzake wa yeye kumkinga. Alipigwa mara tatu ndipo akaanguka. Tukashindwa.

Wifi akanipiga piga begani. Ujumbe ukaingia.

"Mzee! Nikadhani umeniacha. Na leo mmetimia sita! Bibi kaja kuchagua?"

Kumbe alikuwa akimsimulia. Wiki baada ya wiki, kule Kiwengwa, alikuwako mtu anayejua kwamba Malindi kuna mwanamke anayeitwa asije.

Nikaandika, "Kaja. Ila kachelewa."

Jibu likaja papo hapo. "Haidhuru mzee, mwambie Ijumaa ijayo tena, saa hii hii."

Wifi alikuwa keshanyoosha mkono kuichukua simu. Nikamwambia angoje kidogo, kwani huyu mtu bado hajaambiwa. Nikafuta miwani ya mume wangu kwa leso mpya, nikaivaa, nikaanza kuandika, "Ndugu yangu, mie ndiye huyo bibi."