Niliwaahidi wakwe wa binti yangu miaka miwili kabla ya kuuliza makubaliano ya chuo yanahusu kozi gani

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, sikuhadithiwa. Jina la binti yangu tu ndilo nimelibadilisha, maana mji wetu ni mdogo na watu wana masikio.

Mimi napika na kuuza haluwa Mji wa Kale. Binti yangu wa kwanza, tumwite Zuhura, alisomea diploma ya lishe kwenye koleji moja hapa Ganjoni.

Ndiyo, mmesoma sawa. Baba anauza haluwa, mtoto anasomea kuwakataza watu haluwa. Chekeni mmalize, tuendelee.

Siku ya mahafali mkuu wa koleji akatangaza kuwa wametia saini makubaliano na chuo kikuu. Mwenye diploma yao ataingia moja kwa moja mwaka wa tatu, yaani digrii ni miaka miwili badala ya minne. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Haukupita muda, posa ikaja. Watu wa mtaa wa Tudor, wana heshima zao, kijana mpole, na Zuhura mwenyewe alimridhia.

Baba yake kijana akauliza, "Na masomo je?"

Nikajibu kifua mbele, "Miaka miwili tu, bwana. Akimaliza, tunafunga ndoa."

Tukasoma Fatiha, wakaenda zao.

Zuhura alipokwenda kujiandikisha chuo kikuu nilifuatana naye. Mama wa ofisi ya usajili, mtu mtaratibu sana, akatueleza kuwa makubaliano yapo kweli, ila kwa diploma kama yake yanafungua kozi moja tu, afya ya jamii. Akiichukua hiyo, ataingia mwaka wa tatu. Akitaka digrii ya lishe, aanze mwaka wa kwanza kama aliyetoka kidato cha nne jana.

Nikasema papo hapo, "Mwandike hiyo ya afya ya jamii. Si yote ni afya?"

Zuhura akanigeukia. "Baba, kwa digrii hiyo siwezi kuwa mtaalamu wa lishe. Nitakuwa nimeiacha kazi yangu."

Na kazi hiyo aliipenda, wakuu. Alipokuwa mazoezini hospitali alikuwa akikaa na wagonjwa wa sukari, kisha akirudi nyumbani anatusimulia mpaka chakula kinapoa.

Tukatoka bila kuandika chochote. Nyumbani nikafoka. "Neno langu limeshatoka! Unataka kunivunjia heshima mbele za watu?"

Hakupandisha sauti. "Ahadi ni yako, baba. Ukisema niitimize, nitaitimiza."

Wallahi ni bora angenijibu vibaya.

Kesho yake nikaunguza sufuria nzima ya haluwa. Haluwa haitaki mtu mwenye mawazo, ukiacha kukoroga kidogo tu imeshika chini. Mke wangu akanitazama, akasema, "Nenda Tudor. Neno ulilitoa wewe, hawezi mwengine kulirudisha."

Kwetu baba wa binti haendi kwa watu wa mume kuomba. Wao ndio wajao. Lakini nilikwenda, kwani muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Nikawaambia ukweli. Niliahidi bila kuuliza vizuri, miaka ni minne, si miwili. Nikaongeza kwamba wakitaka, ndoa ifungwe sasa, mtoto asome akiwa kwa mumewe.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Tunashukuru kwa kuja mwenyewe," akasema. "Lakini mama yake kijana mgonjwa, twataka mtu wa kukaa nyumbani. Miaka minne hatuwezi."

Kijana alikuwa pale pale. Akainamisha kichwa, hakutamka hata neno.

Tukaagana kwa wema. Vitu vya posa tukavirudisha.

Zuhura aliponiona nimeingia aliuliza jambo moja tu, kijana alisema nini. Nikamwambia hakusema kitu. Akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kuwaambia.

Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema, "Mimi nilikuwa nikiogopa wewe ndiye utakayenyamaza mbele yao, baba."

Sasa yuko mwaka wa pili, lishe ile ile.

Wakuu, makubaliano ya vyuo ni kitu kizuri, yamewasaidia wengi kupunguza miaka. Ila usipige makofi kwanza. Uliza yanahusu kozi ipi, unaingia mwaka gani, na ukimaliza utaruhusiwa kufanya kazi gani. Uliza chuo kikuu chenyewe, usitosheke na maneno ya jukwaani.

Waliopitia njia hii watueleze yaliyowakuta. Na wanaoona nilijishusha kwenda Tudor, semeni tu, sitakasirika. Ningekwenda tena.