Bia ya Régis

Aliyetaka kuona mtu aliyenuna sawasawa angemwona fundi Aloys Jumamosi ile, akiingia kwenye baa moja kongwe katikati ya Johannesburg, upande wa Newtown. Alivaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, na mkono wa kulia ameutia mfukoni kama kawaida yake. Nyuma yake alikuja mkewe, Médiatrice, mlokole ambaye tangu aokoke hakuwahi kukanyaga mahali pa pombe. Aloys alikuwa amemwambia abaki nyumbani Malvern na mtoto wao, Ariane. Mama huyo hakubishana, alimpeleka mtoto kwa jirani, akavaa viatu na kumfuata.

Walikuja kuonana na Régis.

Régis ni mtu gani? Ukimuuliza Aloys, atakwambia si mtu. Zamani walikuwa chanda na pete. Wote wazaliwa wa Bwiza, Bujumbura, wote mafundi cherehani, na hapa Johannesburg maduka yao yalipakana, barabara ya Jules Street. Kisha ikaja siku ya vurugu, watu wakashuka barabarani na marungu na nondo wakivunja maduka ya wageni. Aloys alikuwa ng'ambo ya barabara, ameenda kununua uzi. Mkewe, mtoto akiwa mgongoni, alikuwa amekwisha kukimbilia dukani kwa Régis, na Aloys naye akakimbilia hukohuko. Aliuona mlango wa chuma uko wazi. Alipobakiza hatua chache tu, ukafungwa usoni pake. Jua lilikuwa kali na ndani kulikuwa na giza, hakuona kitu. Aliupiga ule mlango kwa viganja, akaita kwa jina, na haukufunguliwa. Waliokuwa wakimfukuza wakamfikia, wakamponda vidole vya mkono wa kulia kwa nondo.

Na fundi bila vidole ni nani? Aloys alijifunza upya kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, akifundishwa na hasira peke yake. Makoti yake bado yanatoka mazuri, ila koti la siku mbili sasa linamla wiki nzima. Kwamba mke na mtoto walipona, hilo alimshukuru Mungu. Régis hakumshukuru kwa lolote. Régis naye kila alipoulizwa alijibu kwamba hakumwona. Hapo ndipo moyo wa Aloys ulipokwama. Alisema mbele ya watu kwamba atakunywa bia ya Régis siku Régis atakapokiri kwa kinywa chake kwamba alimwona, akafunga mjadala.

Maana kwao Burundi ugomvi huishia kwenye bia. Mkosaji huileta, huifungua mbele ya macho ya aliyekosewa, huionja yeye kwanza, na aliyekosewa akinywa, imekwisha, haisemwi tena. Régis alishaleta bia sikukuu baada ya sikukuu, na Aloys akairudisha na vifuniko vyake. Sasa Régis alikuwa anarudi Bujumbura moja kwa moja, juma lililofuata, na hakutaka kuondoka na deni hilo la roho. Duka lake lilikufa zamani. Alikuwa mpishi wa vitafunio katika baa ile, na aliichagua kwa kikao hiki kwa sababu hakuna Mrundi anayefika pale kuchungulia mambo ya watu.

Hakukuwa na ukarimu mle ndani. Wazee walioegemea kaunta waligeuka, wakawapima Aloys na mkewe kutoka viatuni hadi kwenye kola, na mmoja akavuta koti lake kutoka kiti cha jirani kana kwamba lingeibwa. Aloys aliwatazama vilevile mpaka wakageukia bilauri zao. Aliketi pembeni, chini ya picha ya farasi.

Régis alitoka jikoni na sinia. Alikuwa amepika kwa bidii, jambo ambalo lilimkera Aloys zaidi: maini ya kuku yenye pilipili, viazi vya kukaanga, vipai vidogo vya nyama. Soda ya Médiatrice ilikuwa pale, na bilauri mbili za bia nyeusi-nyekundu, isiyo na baridi. Aloys ni mtu wa bia ya moto, amechekwa kwa hilo Johannesburg nzima, na Régis alikuwa amelikumbuka.

"Hii imefunguliwa wapi?" Aloys akauliza.

Régis alieleza kwa upole kwamba bia ya hapa haina chupa. Inakaa kwenye pipa chini ya sakafu na huvutwa kwa mpini kutoka kaunta.

"Mimi sinywi nisichokiona kikifunguliwa."

Kwa Mrundi maneno hayo hayana tafsiri ya pili: wewe ni mtia sumu. Régis alisawajika. Hata hivyo alichukua bilauri, akamwomba Aloys wasogee kaunta, na bia nyingine ikavutwa mbele ya macho yake. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama bwana huyu anaogopa kuuawa, na mwenzake akajibu kwamba wageni hawa wasiporidhika njia ya kurudi kwao wanaijua. Wakacheka. Régis akaionja, wakarudi mezani, akaiweka mbele ya Aloys. Kila kitu kilikuwa kama desturi inavyotaka.

Aloys akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuulaza kando ya bia, vidole vikiwa vimepinda kila kimoja upande wake.

"Sasa sema. Uliniona?"

"Sikukuona, mon frère, ndugu yangu."

Aloys alicheka kicheko kibaya. Akamtolea uvivu. Alimwita mwoga, mnafiki, mtu atakayezikwa Bujumbura na uongo wake mdomoni, na hakujali nani anasikia. Régis aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Mara moja tu aliinua macho, akamtazama Médiatrice, akayashusha haraka.

"Baba Ariane, mwache," Médiatrice akasema. "Hakukuona kweli. Alikuwa nyuma, anaficha cherehani. Mlangoni nilikuwa mimi."

Aloys hakuelewa, au hakutaka.

"Nilikuona unakuja. Walikuwa mgongoni pako kabisa. Nilikuwa na mtoto. Nikafunga."

Aliendelea mwenyewe, bila kuulizwa, kwa sauti ileile. Régis aliposikia anaitwa alikuja mbio kufungua, na yeye akaling'ang'ania komeo kwa mikono miwili mpaka kelele za nje zikaisha. Baadaye alimpigia magoti asiseme kamwe, na Régis hakusema.

Kisha akainuka. Mwanamke huyu wa kanisani alikwenda kaunta, akaonyesha ule mpini kwa kidole, akasimama hadi bilauri ikajaa. Aliileta kwa mikono miwili, akaionja mbele ya mumewe, uso ukamkunjamana kwa uchungu wa ile bia, akaiweka mezani na kuketi.

Aloys alitamani kumchukia Régis japo kidogo tena. Ilikuwa chuki aliyoizoea, aliijua kila kona yake. Akakumbuka mwaka ule wa bendeji, nani alimlisha uji kwa kijiko, nani alimfunga vifungo vya shati kila asubuhi huku akimsikiliza akimlaani Régis. 

Aliichukua bia ya Régis kwa mkono wa kushoto, akainywa yote bila kupumua.

"Imekwisha, ndugu yangu," akamwambia. "Nenda salama. Unisamehe."

Régis alijifunika uso. Alipotulia, aliisukuma taratibu ile bilauri nyingine, ya Médiatrice, mpaka ikagusa vidole vya Aloys vilivyovunjika.

Aloys akauondoa mkono. Alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, na akatoka peke yake, bia ya mkewe ikiwa imejaa vilevile.