Mlango wa Sentimita Themanini na Nne

Mwenyezi Mungu ameniokoa na mengi, nami namshukuru kwa yote, lakini siku aliyonitoa kwenye fremu ya mlango siwezi kuisimulia bila kucheka kwanza.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya ujenzi, Tabora mjini. Nchi ilikuwa inaacha futi na inchi, inaingia kwenye mita. Kabati zetu zilijaa michoro ya zamani, na kazi yangu ilikuwa kuihamisha. Nilitandika karatasi nyembamba juu ya mchoro, nikafuata mistari kwa wino, kisha kila kipimo cha inchi nikakizidisha kwa mbili nukta tano nne na kukiandika upya kwa sentimita.

Mchoro wa zahanati ya kijiji cha Kwihara niliushika siku ya Ijumaa. Asubuhi nilibadili vipimo vyote vya kuta. Adhuhuri nikaenda msikitini, na huko wajomba zangu wawili wakaninong'oneza kwamba wanatoka hapo kwenda kupeleka posa yangu. Nilirudi ofisini miguu haigusi chini. Ilikuwa zamu ya milango. Mchoro wa zamani ulisema themanini na nne kwa thelathini na sita, yaani inchi, mlango wa kawaida kabisa. Nikaandika themanini na nne kwa thelathini na sita, sentimita. Nikapiga mstari chini kwa madaha.

Baba wa binti niliyemposa alikuwa seremala wa Kwihara, fundi wa mninga, na ndiye aliyepewa milango ya zahanati ile. Wajomba alikuwa amewajibu kwa upole: "Kijana simjui. Nitaiangalia kazi yake kwanza, kisha nitajibu."

Wiki tatu baadaye akaniita. Nilipanda baiskeli nikiwa na kanzu iliyopigwa pasi, nikijua naenda kupewa jibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, bwana ramani. Njoo uone."

Chini ya paa la karakana, fremu tatu za mninga zilikuwa zimeegemea ukuta, zimepigwa randa zikang'aa. Zilikuwa nzuri ajabu. Ziliniishia kiunoni.

"Hizi ni za nini, mzee?"

"Unaniuliza mimi? Si ramani yako hiyo?" Akaikunjua mezani. "Nimepima kwa futi mpya ya sentimita mliyotuletea. Nikapima tena."

"Lakini mzee, hukuona kwamba ni fupi?"

"Niliona. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji. Akasema ramani imetoka serikalini, wataalamu wamefikiri. Tena akaniuliza, mgonjwa si huletwa amelala kwenye machela? Mlango mrefu wa nini?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaanza kueleza habari za inchi, Ijumaa na wajomba, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akainua mkono kunikatiza, akaisimamisha fremu moja katikati ya karakana.

"Mlango huwa haubishaniwi. Unapitwa. Pita."

Nikapiga magoti na kanzu yangu, nikasema Bismillahi, nikaingiza kichwa na mkono wa kulia. Bega la kushoto likagoma. Nikajisukuma, na fremu ikanikaba, mkono mmoja nje na mwingine ndani. Sikwenda mbele wala nyuma.

"Ukate, mzee," nikaomba.

"Nikate mninga wangu? Mama watoto! Leta mafuta ya karanga!"

Mkewe akatoka na kibuyu, akaniona, akaketi chini. Nyuma yake, kwenye pazia la mlango wa nyumba, nikasikia kicheko cha msichana. Kilianza kwa kujizuia kisha kikafumuka. Kicheko chenyewe kikaniambukiza. Nikacheka nikiwa kwenye fremu, na kila nilipocheka kifua kilijaa, fremu ikabana zaidi.

"Acha kucheka, utavunjika mbavu!" mzee akafoka, naye machozi yakimtiririka.

Wakanimwagia mafuta shingoni, wakanivuta miguu kama mbuzi, nikatoka.

Nilidhani posa imekufa. Kanzu ilinuka karanga, nami sikuwa na pa kuficha uso. Lakini kuta za zahanati zilikuwa bado magotini, hakuna kilichojengwa vibaya, basi nikaomba penseli. Tukakaa mezani wawili, mzee akisoma kila tarakimu kwa sauti, mimi nikiizidisha. Tulipofika milangoni nikaandika mia mbili na kumi na tatu kwa tisini na moja. Akasimama, akapima kwa futi yake hewani, kutoka chini hadi juu ya kofia yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Madirisha nayo nilikuwa nimeyaachia tarakimu zile zile za inchi. Tukayarekebisha moja moja, na fremu zile tatu akasema zitakuwa kabati za dawa.

"Umekosa," akaniambia, "ila hukumsingizia mtu." Kisha akamgeukia mkewe. "Nenda kamuulize mwenyewe."

Mama akaingia ndani. Tukasikia minong'ono, kisha kicheko tena. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasani. Alipotoka alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga.

"Anasema amekubali," akasema. "Ila anauliza kama bega linauma."