Chokaa ya Mzee Hatibu

Yaani Mzee Hatibu sisi tulimwita mume wa magofu, wala hakasiriki. Mkewe alishamwacha zamani, eti anafagia makaburi kuliko anavyofagia kwake. Alikuwa mlinzi wa gofu la msikiti hapa kijijini kwetu, Mkinga, na nyuma ya gofu kulikuwa na kaburi la mawe la babu zake. Hapo ubavuni ndipo alipotaka azikwe. Kila Ijumaa alikaa pale, anasoma dua, akimaliza anawapa hao babu umbea wa kijiji, nani kaoa, nani kaachika.

Basi ukaja mradi wa kuukarabati msikiti. Saruji marufuku, lazima chokaa ya kuchoma matumbawe, kama walivyojenga wazee. Ila matumbawe ya baharini nayo marufuku, bwana samaki anakamata. Bosi wa mradi akampigia simu fundi Kristofa wa Maramba: "Tumia mawe ya zamani." Alimaanisha yale ya msikiti yaliyoporomoka.

Kristofa akamfuata Hatibu.

"Shikamoo mzee. Mawe ya zamani yako wapi hapa?"

Hatibu akajua kapata mgeni wa kutembeza. Raha hiyo. Akampeleka mpaka nyuma. "Haya hapa. Hakuna ya zamani kuliko haya. Babu zangu wako humu."

Kristofa hata hakusikia hayo ya babu, anagonga na nyundo. "Makavu kweli."

"Makavu sana," Hatibu akajibu, anacheka.

Kesho yake akaenda Usagara kwa bintiye Tausi, kutibiwa macho. Kurudi baada ya mwezi, ukuta wa mbele wa msikiti unang'aa. Akausifia, akasema hiyo ndiyo chokaa. Kisha akazunguka nyuma, akakuta shimo la tanuu na majivu. Walichimba palepale wasibebe mawe mbali, na mifupa iliyokuwa chini ikaungua humohumo.

"Kristofa, kaburi liko wapi?"

"Kaburi gani? Mawe si ulinionyesha mwenyewe, mzee."

Kijiji kizima tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mradi nao wakamwachisha ulinzi, eti kaonyesha mawe siyo.

Siku hizi Ijumaa anasimama mbele, viganja juu, pua karibu iguse ukuta. Juzi Zuleha muuza mihogo akamuuliza, "Mume wa magofu, ukuta nao unasomewa dua?"

"Nawasomea babu zangu."

"Wako wapi?"

"Kuanzia mlangoni mpaka dirishani," akasema, akaendelea kusoma.