Mtoto Aliyeandikwa Kuwa Alifia Njiani

Naanza kwa kutenga mambo mawili, kwa sababu kijijini kwetu huchanganywa kila yanaposimuliwa.

Nilichosikia ni hiki. Nimesikia kwamba mtoto wa kwanza wa kaka yangu alikufa kwa sababu baba yetu alivunja mwiko. Nimesikia kwamba alikuwa amekwisha kufa tumboni kabla hatujaondoka nyumbani. Nimesikia pia, kwa mtu aliyedai kuwa aliwahi kufagia wodi, kwamba alizaliwa, akalia mara moja, akanyamaza. Wasemaji hao watatu niliwauliza kila mmoja kwa wakati wake: ulikuwapo? Hakuna aliyekuwapo. Wa kwanza alikasirika kwamba nimemuuliza.

Nilichoshuhudia ni siku moja, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Tena nimeiona karatasi ambayo hospitali ilimpa shemeji yangu alipotoka, imeandikwa kwa wino wa buluu kwamba mtoto alifia njiani. Karatasi niliishika. Aliyeiandika sikumwona, na njia hiyo yeye hakuipita. Hospitali yenyewe siitaji kwa jina, kwa kuwa waliohusika wamekwisha kufa na kuta hazina kosa.

Shemeji yangu alipona, akazaa wengine, akazeeka. Aliyeumia maisha yake yote ni baba. Ndugu zake walimhukumu kwa uvumi na wakakataa kula naye mpaka anaingia kaburini. Ni kwa ajili yake ninaandika, wala sitafuti huruma ya yeyote.

Asubuhi hiyo nilitoka katika shule ya misheni nilikofundisha, ng'ambo ya Ekerenyo, baada ya kupelekewa habari kwamba mke wa kaka yangu alikuwa na uchungu tangu juzi yake na mtoto hashuki. Kaka alikuwa Kericho akichuma majani chai ya watu wengine, kama walivyokuwa karibu vijana wote wenye mabega. Nilipoingia boma nilimkuta mkunga, mama mmoja mzee wa jirani, ameketi kizingitini kwa shemeji akinawa mikono.

"Mimi nimefika mwisho wangu," aliniambia. "Mtoto amelala kombo. Mpelekeni kwa wenye visu."

Baba alikuwa amesimama mbali, nyuma ya ghala la wimbi, ameipa mgongo nyumba ile. Miguuni pake palikuwa na machela aliyoitengeneza mwenyewe alfajiri: miti miwili ya muwati na magunia mawili yaliyoshonwa kwa kamba ya katani. Aliikamilisha, akaibeba mpaka hapo, akasimama. Hapo ndipo mpaka wake ulipokuwa.

Asiyezaliwa kwetu anahitaji kuelezwa. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima ya kujiepusha baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata. Baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana wake, hamwangalii usoni, na habari za mwili wake hazitajwi mbele yake. Mimi, ndugu wa mume, sikuzuiwa. Mimi na shemeji tulitaniana kama kawaida. Lakini machela hubebwa na watu wanne. Wa kizazi changu siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na jirani mmoja ambaye mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda cha zamani. Waliosalia wote walikuwa baba wakwe wa shemeji.

"Wa nne ni mimi," alisema baba.

Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakuinuka.

"Ukishika mti huo, utakula na nani?"

"Nitakula na atakayekuwa na njaa."

"Huyo anavuja damu. Utaiona."

"Nitashika mbele. Macho yangu yako mbele ya kichwa. Wewe yako yako wapi?"

Baba mdogo alitema mate pembeni. "Basi afunikwe. Utosini mpaka vidoleni. Sitaki kusikia kwamba mtu wa ukoo wetu aligeuka akaona uso."

Sote tuliona kuwa ni shauri jema. Hata mimi, niliyekuwa na cheti cha ualimu na niliyewafundisha watoto kwamba hewa safi ni dawa, niliona ni shauri jema. Blanketi lilikuwa langu, la kijivu. Nililitandaza juu ya shemeji yangu kwa mikono hii, nikalichomeka pande zote chini ya kamba za machela, uso na vyote. Kama kuna mwiko uliomdhuru mtu siku hiyo, mimi ndiye niliyeufunga fundo.

Tuliondoka. Kulikuwa kumenyesha, na udongo wetu mwekundu ukilowa haumwachi mtu ainue mguu bila kuulipia. Baba alishika mbele kulia, binamu mbele kushoto, mimi na jirani nyuma. Kwa saa nzima hatukusikia sauti. Nilidhani uchungu umepoa. Baadaye nilipoona kipande cha blanketi kimeingia ndani na kulowa, nilielewa kwamba alikuwa amekiuma. Baba mkwe yuko hatua mbili mbele, angelia vipi?

Kila tulipotua, baba alitembea hatua thelathini mbele na kusimama akiwa ametupa mgongo. Hapo ndipo shemeji alipopata ruhusa ya kuwa na mdomo.

"Mwalimu," alisema mara ya kwanza, kutoka chini ya blanketi, "hili blanketi huko misheni huwa linafuliwa, au mnaliombea tu?"

"Linafuliwa."

"Siamini. Nawe si husema usiamini usichokiona? Njoo ulale humu uone." Kisha akapumua kwa nguvu mara kadhaa. "Amekwenda mbali?"

"Yuko mbali."

Ndipo akalia, kwa sauti ndogo, mpaka baba alipokohoa kutujulisha kwamba anarudi.

Tulipita kwenye zahanati iliyokuwa sokoni, nyumba ya chumba kimoja yenye dresa mmoja, yaani mfunga vidonda. Alitoka na kikombe chake cha chai mkononi. Hakumfunua mgonjwa, na sikumwomba amfunue, kwa maana baba alikuwa ameshika mti wa machela.

"Hapa ni vidonda, homa na minyoo," alisema. "Uzazi hakuna. Dawa ya uzazi haijaletwa tangu nije, na nina miaka minne hapa."

"Gari la wagonjwa je?"

"Gari huitwa kwa barua ya chifu. Chifu yuko barazani, baraza liko ng'ambo ya mto, mto umefurika. Wewe ni mwalimu, piga hesabu."

Aliniandikia cheti cha mistari miwili, nikakitia katika mfuko wa shati. Sikumchukia dresa. Alikuwa amewekwa pale ili ionekane kwamba pana mtu. Nawachukia waliomweka, na waliojua hesabu hiyo kabla yake na kuiacha hivyo.

Jambo moja lilikuwa likitendeka njiani nami sikulipa uzito wake. Watu walitupisha. Wanawake wenye mizigo ya ndizi walisimama kwenye majani. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ana nini, na kwetu hilo huulizwa hata na asiyekujua. Tulipokaribia mjini gari la mlowezi, labda kutoka upande wa Nyansiongo ambako mashamba yao yalikuwa, lilikuja nyuma yetu likielekea mjini pia. Lilipunguza mwendo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu; nilikiona vizuri, kilikuwa na ngozi ya kahawia. Mzungu alivua kofia yake, akaiweka kifuani, akapita taratibu ili asiturushie matope. Nilimshukuru moyoni kwa adabu yake. Leo najua adabu hiyo ilikuwa ya nini, na ningependelea matope na kile kiti.

Tulifika kwenye lango la hospitali kabla ya saa kumi na moja. Bawabu alikuwa na kofia yenye utepe mwekundu na rungu. Alizungumza Kiswahili, ambacho baba hakukijua hata neno.

"Maiti wanapitia nyuma," alisema.

"Huyu si maiti. Ni mwanamke wa kujifungua. Nina cheti."

"Vyeti husomwa ofisini, na karani ameondoka. Kama si maiti, mbona amefunikwa?"

"Kwa sababu ya desturi."

"Desturi gani ya kumziba pumzi mtu mzima? Mfunue nimwone."

Nieleze hapa bila kujipunguzia. Ilikuwa kazi ya kuvuta kipande cha blanketi tu. Baba alikuwa kwenye mti wa mbele, amemkabili bawabu, na mkaza mwana wake alikuwa nyuma yake, asingemwona. Lakini bawabu alikuwa amesimama mahali ambapo angetutaka tuigeuze machela, na tukiigeuza baba angekuwa ubavuni mwa uso wa shemeji. Hayo niliyafikiri kwa muda wa kuhesabu labda hadi kumi. Katika muda huo mkono wangu haukunyanyuka. Bawabu akaona kusita kwangu, akakutafsiri alivyozoea kutafsiri kusita kwa watu wa aina yetu.

"Wote husema hivyo," akasema. "Mnaleta maiti mbele ili mpate jeneza la serikali. Zungukeni." Akafunga lango.

Baba aliuliza bila kugeuka, "Amesema nini?"

"Amesema tuzunguke."

Sikumwambia tunazungukia wapi. Hilo nalo ni langu.

Tulizunguka kufuata ua wa michongoma. Njia hiyo ilipita chini ya madirisha ya wodi ya Wazungu, na madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Nikiwa nyuma, na ardhi ikiwa imeinuka upande wangu, niliona ndani. Palikuwa na vitanda vitatu vyenye chuma cheupe. Vilikuwa vimetandikwa shuka, pembe zimekunjwa sawasawa, na vitatu vyote vilikuwa vitupu. Juu ya meza palikuwa na maua ndani ya gilasi. Wodi ya Waafrika ilikuwa upande wa pili; watu wake nao niliwaona kwa mbali, wengine wamelala kwenye baraza juu ya mikeka. Watu wataniambia kwamba hizo ndizo zilikuwa zama zenyewe. Zama hazitandiki shuka. Kuna mtu aliyeamka asubuhi hiyo akatandika vitanda vitatu visivyo na mgonjwa, na mtu mwingine aliyempa amri.

Nyuma kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye mlango mmoja wa bati. Harufu ya dawa ya kuhifadhi maiti ilitufikia kabla hatujatua. Baba hakujua Kiswahili, lakini harufu hiyo haihitaji kufasiriwa. Aliushusha mti wake polepole mpaka machela ikagusa chini. Hakunigeukia. Alitembea hadi kwenye ua wa michongoma, zaidi ya hatua thelathini, akasimama akiwa ametupa mgongo, mikono yake yote miwili ndani ya miiba.

"Mwalimu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Mfunue."

Nilivuta blanketi. Shemeji alikuwa amepauka na midomo yake imepasuka, lakini macho yalikuwa makali. Aliutazama ule mlango wa bati kwa muda.

"Huku ni wapi?"

Nililikunja lile blanketi.

"Najua ni wapi," alisema. "Mmenileta mapema."

Jirani mwenye kidonda alikuwa amekwisha kuugonga mlango. Alitoka mtu aliyevaa aproni ya mpira, akamwona mwanamke ameinua kichwa na kumtazama, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akasema, "Nani amewaleta kwangu?" na bila kungoja jibu akakimbia kuelekea wodini akiwaita wauguzi. Namtaja kwa sababu katika siku ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyekimbia.

Tulibaki tukingoja. Binamu yangu alisema kwa unyonge kwamba labda mtoto amekwisha kwenda, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

"Nani kakwambia?" shemeji aliuliza.

"Nasema labda."

"Kila mtu leo anasema labda." Akanigeukia. "Wewe ndiwe mwenye kutaka ushahidi. Lete mkono."

Nilisita tena, maana hata utani wetu una mipaka yake. Yeye mwenyewe aliushika mkono wangu, kwa nguvu ambayo sikuitazamia, akauweka tumboni, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, juu ya nguo iliyolowa. Nilihisi tumbo limekaza kama ubao. Likalegea. Kisha mtoto akapiga teke. Nilingoja, kwa sababu mara moja huweza kuwa kosa la mkono. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, mahali pale pale.

"Umeona?" baba aliuliza kutoka kwenye ua, bila kugeuka.

"Yu hai," nilimjibu. "Mara mbili."

Kengele ya hospitali iligonga saa kumi na moja. Wauguzi wawili walikuja na machela ya magurudumu, wakampitisha kwenye mlango wa jikoni, wakaufunga. Sikumwona mtoto huyo wakati wowote baadaye, akiwa hai wala akiwa maiti, na mahali alipozikwa sikuonyeshwa. Safari yetu ilikuwa imekwisha, machela ya baba ilikuwa chini, na mbele ya chumba cha maiti, chini ya kiganja changu, mtoto huyo alipiga teke mara mbili.