Watu Kumi na Wawili Walioisifu Gemu ya Zubeiri

Shemeji yangu Zubeiri, mdogo wake mume wangu, alikaa nasi Ngamiani miaka mitatu, chumba cha uani. Asubuhi alikwenda stesheneri kuchapa barua za watu, alasiri alirudi akatengeneza gemu. Si ya magari wala ya mpira. Ilikuwa ya maneno matupu: simu inakuandikia kwamba umesimama mahali fulani, nawe unaandika utakalofanya, nayo inakujibu. Alijifunza kwenye gemu za Kizungu za namna hiyo, akatafuta ya Kiswahili asiione.

Mume wangu, Msafiri, alimpa mwaka mmoja.

"Mwaka ukiisha huna kitu, unakwenda Maramba kusimamia shamba la marehemu baba. Michungwa inataka mtu, haitaki simu."

Zubeiri alikubali, kwa sababu alikuwa amesikia shirika moja la Dar linatafuta gemu kumi za Kiswahili, na watakaochaguliwa watafundishwa kazi hiyo miezi sita. Akichaguliwa, Dar. Akikosa, Maramba.

Kabla ya kuituma alitaka watu waijaribu. Alichagua kumi na wawili, ndugu na majirani, akanunua na daftari la kuandika watakayosema. Kila mmoja alimwambia, "Usinisifie. Niambie umekwama wapi." Kisha anampa simu, anatoka nje, maana alisema akimkalia mtu karibu ataona haya.

Wa kwanza alikuwa mama yake, Bi Tausi, mama mkwe wangu. Macho yake hayaoni herufi ndogo, basi nikamsomea mimi.

"Inasema umesimama mbele ya nyumba ya Bi Kirembo, bibi mgonjwa. Mlango umerudishwa tu. Utafanya nini?"

"Hilo nalo swali? Andika hodi."

Nikaandika. Simu ikajibu: Sijakuelewa.

"Mkali huyu bibi!" akacheka. "Piga tena."

Sijakuelewa.

"Ya tatu hiyo, mwanangu."

Sijakuelewa.

"Basi. Tumefunzwa hodi tatu, usipoitikiwa urudi. Mpe simu yake."

"Mama, labda tuusukume tu mlango."

"Tusukume mlango wa watu? Na mwenyewe mgonjwa, hatujui kalalaje? Wee umelelewa wapi?"

Zubeiri akaingia na daftari lake.

"Haya mama, umeionaje?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri mno. Mungu akufungulie."

"Hukukwama popote?"

"Nikwame wapi mie?"

Zubeiri akanitazama mimi. Mtoto wangu alikuwa mapajani, nikajitia namfuta makamasi. Ningemkanushaje mama mkwe mbele ya mwanawe? Shemeji akaandika: Mama, hakukwama.

Tangu siku ile nikawa naangalia vidole vya watu. Badru kinyozi alikaa kwenye kibaraza chetu, mie niko jikoni, dirisha liko wazi. Kidole gumba kikaandika neno fupi. Akangoja. Kikaandika tena. Akangoja. Mara ya tatu, akaiweka simu juu ya goti, akawa anatazama kuku wa jirani mpaka Zubeiri aliporudi.

"Kaka, hii moto! Ukifika Dar usijitie hutujui."

"Ulifika wapi?"

"Mpaka mwisho, bosi. Sisi si watoto wa jana."

Na wengine wakawa vivyo hivyo. Wageni wema, wenye adabu, hakuna aliyevuka kizingiti. Kwenye gemu za Kizungu, Zubeiri aliwahi kunisimulia, mtu anafungua nyumba ya watu, anabeba taa, anabeba kamba, anaondoka, wala haulizwi. Yeye alifuata humo humo, akayapanga maneno ya kufungua, kuingia na kuchukua. Hodi hakuiweka.

Siku moja kabla ya kuituma nikamwambia, "Shemeji, watu wanapiga hodi."

"Wapi?"

"Kwenye gemu yako."

Akacheka, tena kwa upole. "Wangekwama wangesema, shemeji. Nimewauliza mmoja mmoja." Akanionyesha daftari. Majina kumi na mawili, sifa kumi na mbili.

Nilipaswa kumwambia: mama yako hakuingia. Maneno matatu tu hayo, angeniamini. Nikasema, "Haya, Mungu ajaalie."

Jibu lilikuja Alhamisi. Alitusomea mwenyewe, kasimama uani. Waliandika kwamba maandishi ya mwanzo yaliwavutia, lakini majaji watatu kati ya watano walipiga hodi wasijibiwe, wakashindwa kuendelea. Wakamshauri siku nyingine aijaribishe kwa watu kabla ya kuituma.

Akamgeukia mama yake.

"Mama, wewe ile siku uliingia ndani?"

"Mwenyewe hakuitika. Ningeingiaje?"

"Na ukaniambia nzuri!"

"Ulitaka nikwambie mbaya? Mwanangu wa kumzaa?"

Badru naye alipoulizwa alikuna kichwa. "Kaka, ulikuwa na furaha kweli. Ningekuvunjaje moyo?"

Zubeiri akakaa kizingitini na simu. Nilikuwa nimeteleka maji ya chai. Hayajachemka, amemaliza kuirekebisha. Akaninyooshea simu. Nikaandika hodi. Sauti dhaifu ikajibu, Karibu mwanangu, pita, mlango haujafungwa. Nikapita. Kulikuwa na kitanda cha kamba, harufu ya udi, dawa kwenye kikombe chenye ufa, na Bi Kirembo aliyenidhania binti yake aliyefariki, akaniomba nimsuke nywele kabla hajanionyesha lilipo sanduku linalotafutwa kwenye gemu. Nilimsuka. Machozi yakanitoka. Kazi yote ile, na mimi ndiye mgeni wa kwanza.

"Wewe ulijua," akasema. Hakuuliza.

"Nilijua."

"Tangu kwa mama?"

"Tangu kwa mama."

Akachukua simu yake.

Jumapili akaenda Maramba. Mama yake alimpikia wali wa nazi na samaki, yeye akasema ameshiba. Alimshika mkono, akamwamkia kama inavyotakiwa, akatoka. Mama mkwe huwaambia majirani kwamba mwanawe ni msimamizi wa shamba, nao humjibu mashaallah.

Zubeiri humpigia simu kaka yake kila wiki, wakaongea habari za michungwa na vibarua. Mimi naletewa salamu na mume wangu, simu ikiwa imeshakatwa.