Wawili wa Chumba cha Mwisho

Mzee Badru wa Chamazi alirithi shamba la mihogo, lakini hakuna kilichoota shambani kwake haraka kama vyumba vya kupanga. Kila vita ilipopamba moto ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aling'oa mihogo akapandisha matofali. Halafu wakubwa wanashangaa jiji linajaa! Wangemuuliza Badru, angewaonyesha ukuta kwa ukuta: hapa watu wa Uvira, pale watu wa Fizi.

Katika chumba cha mwisho, kando ya choo, aliishi Yustina wa Fizi na watoto wa marehemu mdogo wake, Faida na Echa. Walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi bila kibali. Mwanawe wa kumzaa, Alimasi, walipoteana porini siku kijiji kilipochomwa. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Miaka mitano sasa Yustina alikuwa amekataa katakata kumwekea matanga, na aliyemshauri vinginevyo alitukanwa.

Asubuhi ya sensa Badru akamgongea.

"Mama, hao watoto wapeleke kwa jirani, wasije wakaropoka habari za kambi. Sema unaishi peke yako, umetokea Kigoma. Wakikuuliza uzazi, yule mwanao sema alifariki. Maswali yanaishaga hapo."

Watoto akawapeleka. Hilo aliliweza, ingawa lilimuuma.

Karani alikuwa binti mpole, Raudha, wa mtaa wa pili. Alitoa shikamoo, akaketi juu ya ndoo, kishikwambi mapajani. Akauliza nani walilala humo usiku wa kuamkia leo. Yustina akajibu, yeye tu. Amezaa wangapi? Mmoja.

"Anaishi hapa, anaishi kwingine, au alifariki?"

Yustina akakaza macho sakafuni. Kusema alifariki, ng'o! Na kwingine ni wapi? Kwingine alikokujua yeye ni kule porini, na kule hakubaki mtoto hai.

"Anaishi hapa."

"Mama, si umesema ulilala peke yako?"

"Nilisahau. Tulilala wawili. Andika: Alimasi, miaka kumi na minne."

"Anasoma?"

"Anasoma! Kidato cha pili. Ana akili huyo, hesabu ndiyo usiseme." Maneno yalimtoka kwa raha, kama mama yeyote anayejisifia mwanawe. Raudha akatazama kitanda kimoja na jozi mbili za viatu vidogo vya kike chini yake. Akaandika, akaaga.

Mchana watoto wakarudi mbio. Faida, wa miaka tisa, akamng'ang'ania sketi.

"Mama mkubwa, wamekuja? Wamehesabu wangapi?"

"Wawili."

Faida akamgeukia mdogo wake, akamshika mikono, wakaanza kurukaruka mle chumbani.

"Ni sie, Echa! Ni mie na wewe!"

Yustina akainama kuwasha jiko la mkaa, akawapa mgongo.